Waya Mfukoni mwa Ulimboka

Kwa miaka kumi na minne hakuna aliyekufa ndani ya banda la video la Elisante bila Ulimboka kumsindikiza kwa maneno. Mchina akikatwa panga, Mhindi akilia juu ya kaburi, wote walikata roho kwa Kiswahili cha Ulimboka, aliyekaa kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi. Sauti ya deki aliizima kabisa. Lugha zao hakujua hata moja, na hilo halikumpunguzia kitu. Alitazama nyuso, akatunga, akatia chumvi, na wachuma chai wakacheka mpaka mabenchi yakalia.

Wachuma chai wenyewe walitoka kila kona ya nchi, naye alitoka Tukuyu. Alipanda Usambara kuchuma chai, akaumia goti, akafanywa mlinzi wa stoo ya mbolea. Mke hana, mtoto hana. Jumapili hadi Ijumaa maneno yake yalikuwa shikamoo kwa wakubwa na marahaba kwa vijana, basi. Jioni alipika ugali wa mtu mmoja, akaula akiutazama ukuta. Jumamosi saa tisa alasiri ndipo naye alipokuwa na watu. Tusifichane: alikuwa mpweke, na banda lile ndilo lililomshikilia.

Mwaka 2011 Elisante, mwenye banda, akaleta kutoka Tanga televisheni bapa, zile za picha ang'avu, pamoja na kompyuta yake ya mezani ya nyumbani.

"Shikamoo, mzee Ulimboka."

"Marahaba, baba."

"Naomba uniunganishie hivi vitu. Filamu zimo humo kwenye kompyuta, za Kibongo. Wanaongea Kiswahili wenyewe. Sasa utapumzika, mzee wangu."

Utapumzika! Alilisema kwa nia njema kabisa, kama anayetoa likizo, kisha akashuka zake Muheza. Watu wenye nia njema wana kofi zito kweli.

Ndani ya boksi mlikuwa na nyaya mbili. Mmoja mnene, wenye kichwa cha bluu cha kukazwa kwa skrubu, ulipeleka picha peke yake. Mwingine mweusi, mwembamba, wenye ncha bapa, ulibeba picha na sauti pamoja. Ulimboka aliujaribu huo mweusi kwanza, na mara banda likajaa sauti ya mwanamke akiuliza, "Nani yuko hapo?" kwa Kiswahili safi kuliko chake. Akauchomoa, akaukunja, akautia mfuko wa koti, kisha akakaza skrubu za ule wa bluu. Kompyuta yenyewe haikuwa na spika.

"Sauti imegoma," akawatangazia watu walipojaa. "Lakini mimi nipo!"

Wakampigia makofi mengi. Akashika kipaza sauti, roho kwatu.

Ilikuwa habari ya mama na binti aliyerudi nyumbani. Ulimboka hakuijua hadithi, akaitunga kama kawaida: mama akawa muuza machungwa, binti akawa amekimbiwa na mchumba. Watu walicheka, kisha wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Hakuelewa mpaka alipougeukia mwenyewe uso uliojaa kioo kizima. Kwenye ile TV ya zamani ya chogo midomo ilikuwa ukungu mtupu, Mchina aliweza kusemeshwa lolote. Hii mpya ilionyesha hata midomo iliyopasuka kwa homa. Mama alikuwa kitandani, na banda zima lilimwona akisema polepole: nisamehe, mwanangu. Ulimboka alikuwa anamsemesha habari za machungwa.

Akakishusha kipaza sauti. Filamu iliyobaki waliitazama kimya, wakisoma midomo, na yeye akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Walipotoka hakuna aliyemzomea. Afadhali wangemzomea.

Alibaki Zuhura, mchuma chai wa Singida, mtu wa benchi la mbele tangu banda lifunguliwe. Alijifanya anatafuta kandambili ambayo ilikuwa mguuni.

"Kaka Ulimboka, huo waya unaning'inia mfukoni."

Akapapasa. Ncha nyeusi ilikuwa nje.

"Na wengine wameuona?"

"Tumeuona wote, tukajua bado unatutaka. Ndiyo maana tulikupigia makofi."

Akausukuma waya ndani ya mfuko.

"Ila yule mama, kaka," Zuhura akaendelea, sauti imeshuka. "Mama yangu alifariki Singida, mimi niko huku nachuma chai. Sikumsikia. Huyu nataka nimsikie, mwenyewe. Jumamosi tuwekee tena, na waya uuchomeke, tafadhali."

Alitaka kumwambia kwamba angeweza kuiiga ile sauti, kwa upole, bila utani. Alijua hawezi.

"Nimesikia, dada."

Jumamosi akauchomeka waya mweusi, akaweka kipaza sauti juu ya kabati, akakaa benchi la pili nyuma ya Zuhura. Mikono hakujua aiweke wapi. Sauti ilikuwa nzuri mno, ulisikia hata kitanda kinavyolia. Hakuna aliyegeuka kumtafuta. Filamu ikafika pale kitandani, mama akaomba msamaha kwa sauti yake mwenyewe, na akina mama wakashika khanga zao.

Zuhura akageuka, machozi yanamtiririka.

"Kaka, acha tusikie."

Hapo ndipo Ulimboka alipojua kwamba alikuwa anaongea. Alikuwa anamjibu yule mama wa kwenye kioo.

"Samahani," akasema, na hilo ndilo neno la mwisho alilolisema bandani siku ile.