Mashavu ya Mose

Mose alipofikisha mwaka mmoja na nusu, mama yake, binti yangu Phanice, alipata kazi dukani Ogembo, akaniachia mtoto. Hapa Nyacheki nina ng'ombe mmoja, majani chai kidogo na migomba. Maziwa ya asubuhi yalikwenda na gari la maziwa, ya jioni tukatia kwenye chai. Mose alikula ndizi za kuchemsha, akanywa chai. Mashavu yalipoanza kujaa, majirani walinisifu: "Huyu amelelewa!" Nami nikafurahi, Mungu anisamehe.

Mwezi wa saba, ile baridi ya ukungu, akashikwa na kifua. Nilimpeleka hospitali akiwa na fulana mbili, sweta, kofia, na soksi za sufu nilizofuma mwenyewe, zenye mstari wa kijani.

Nesi Jacinta alikuja na karatasi ya maswali. Alisema siku hizi kila mtoto anayelazwa huulizwa kuhusu chakula, hata aliyevunjika mguu.

"Magokoro," akaniita, yaani bibi kwa Kikisii, "mtoto amepunguza kula?"

"Anakula kila kitu."

"Maziwa anapata? Mayai? Maharagwe?"

Kwenye kitanda cha pili alikaa Nyamusi, mke wa mzee wa kanisa letu, na mjukuu wake. Kwetu mtu haulizwi habari za chungu chake mbele ya watu akasema hakuna kitu. Tena mimi mwenye ng'ombe!

"Anapata vyote," nikajibu.

"Basi mvue soksi nimwangalie miguu."

"Unataka baridi immalize? Tazama mashavu, si unaona?"

Nyamusi akacheka. "Nesi, achana na huyo. Ukimmega nusu, bado atamzidi wangu!"

Hata Jacinta akacheka. Mlangoni watoto wengine wawili walikuwa wanalia. Jacinta akampima Mose uzito na nguo zake zote, akaandika, akaenda.

Siku nne Mose alitibiwa kifua. Kikohozi kilipungua, lakini mtoto hakucheka. Nikimpa uji anageuza uso. Moyoni nilijua hicho si kifua tena. Sikusema.

Siku ya tano alikuja Osoro, afisa wa lishe, kijana mpole. Yeye hakuanza na maswali. Alimvua Mose soksi, akabonyeza mguu kwa kidole gumba, akahesabu polepole, akaachilia. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Nyanya, huu si unono, ni maji. Mwili umekosa chakula. Niambie ukweli, alikuwa anakula nini?"

Nikamwambia: ndizi, chai, mara mojamoja mboga. Nyamusi aligeukia ukutani, akajifanya amelala.

Wakaanza kumpa maziwa maalumu kwa kikombe, kidogo kidogo, kila baada ya saa tatu. Maji yalipotoka mwilini, akabaki mtoto mwenye mbavu za kuhesabika. Kumbe ndiye niliyekuwa nikimbeba mgongoni miezi yote hiyo.

Jumamosi Phanice akafika. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi. Jacinta alikuwa amesimama na faili.

"Dada, kosa ni letu," Jacinta akaanza. "Siku ya kwanza hatukumkagua..."

"Ngoja, nesi," nikamkata. "Phanice, huyu aliniuliza. Mimi ndiye niliyedanganya. Niliona aibu."

Phanice alikichukua kikombe mkononi mwangu, akakaa kitandani nilipokuwa nimekaa, akaanza kumnywesha mwanawe.

"Mama," akasema bila kugeuka, "nenda nyumbani upumzike."

Nilikunja shali yangu, nikaondoka.