Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Kijiko kiligonga kikombe cha bati, mara moja, kisha kimya. Kulikuwa hakujapambazuka, lakini bibi alikuwa keshaosha vyombo vyake: sahani, kijiko, na kikombe alichokifunga uzi mwekundu wa cherehani ili asikinywee mtu mwingine.

Miezi mitatu tangu amalize mionzi ya saratani ya titi, hakuwa amemgusa mjukuu wake. Nesi ndiye aliyemwonya kwamba mionzi iliyobaki mwilini mwake ingemdhuru mtoto. Mtoto alifundishwa kusimama kizingitini, na gauni alilomshonea, bibi alilikata kwa kumkadiria kwa macho tu.

Asubuhi nesi akapiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenifuata na sindano mpaka kitandani?"

"Leo sina sindano. Nina aibu." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Jana tulifundishwa upya habari za tiba. Upasuaji, dawa za mshipani, mionzi. Kumbe mionzi nayo ni namna namna. Ipo inayowekwa ndani ya mwili; aliyewekewa hiyo ndiye hukaa mbali na watoto kwa muda. Yako ilitoka kwenye mashine, ikapita. Haikubaki mwilini hata siku moja. Nilichanganya, mama. Nisamehe."

Bibi alinyoosha gauni la mtoto magotini.

"Miezi mitatu," alisema. "Na juzi daktari kaniambia ugonjwa umerudi, nisitegemee mingine mitatu."

Nesi aliinama. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja. Kisha akachukua kile kikombe chenye uzi, akamimina chai, akanywa. Mjukuu alikuwa mlangoni, akitazama.

"Njoo, mjukuu wangu," bibi akamwita. "Bibi hana neno."

"Mama alisema nisivuke."

"Mama yako alisema nilivyomwambia mimi," nesi akamwambia. "Mimi ndiye niliyekosea."

Mtoto alitazama kikombe, akamtazama nesi. Akavuka, hatua fupi fupi, akanyoosha mkono mmoja tu. Wa pili alikuwa ameuficha mgongoni. Bibi akashika utepe wa kupimia. Akapima kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mkono, polepole, akarudia, ingawa kipimo alikuwa ameshakipata.

"Umekua," alisema. "Mikono yote ya gauni niliikata mifupi."

Mtoto akachomoka, akakimbilia uani. Utepe ukabaki umening'inia vidoleni mwa bibi.

"Kesho uje tena, eh?" aliita. "Bado mkono mmoja."