Mkutano wa Jumamosi

Kesi ya soko letu niliishinda mimi peke yangu. Haya, wakili wetu Irine alisaidia kidogo, maana mimi nilikuwa benchi la nyuma nikisinzia.

Nicanor, afisa wa soko, alikuwa ametufukuza sisi wauza omena, wale dagaa wa ziwani, bila kutuuliza neno. Tukaenda mahakamani Homa Bay ili turudishiwe mahali petu. Jaji akasema si kazi yake kuchagua omena iuzwe wapi. Anataka kujua tu kama tulisikizwa kabla ya kufukuzwa.

“Walisikizwa, Mheshimiwa,” Nicanor akasema. “Niliitisha mkutano sokoni. Wamama wote walikuja, wakakubali kwa makofi.”

“Lini?” Irine akauliza.

“Jumamosi ile kabla ya kuwaondoa. Asubuhi.”

Usingizi ukaniruka. Sisi wote ni Wasabato. Jumamosi hata kiberiti hatuwashi.

“Na wewe ulikuwepo?”

“Kutoka mwanzo hadi mwisho.”

Nikasimama bila ruhusa. “Nicanor, wewe mzee wa kanisa letu, sasa asubuhi hiyo ni nani alituhubiria pale kanisani? Tena juu ya ubaya wa uongo!”