Maziwa Kwenye Dari ya Owino

Kijana wangu Kipkirui huhubiri nepia kuliko mchungaji wetu anavyohubiri wokovu. Majani ya nepia ya kulisha ng'ombe, nepia ya kuuza, nepia mpaka mlangoni. Na mahali alipopatamani zaidi ni pale nyuma ya jikoni, ambapo vibuyu vyangu hutambaa.

"Mama, nani siku hizi anaweka maziwa kwa kibuyu?" akaniuliza, jembe begani. "Watu wana mitungi ya plastiki."

Nikamwambia mtungi wa plastiki hata ukiuvisha shanga bado unafanana na wa mafuta ya taa. Alicheka, lakini jembe hakuliweka chini.

Aliyeniokoa ni mke wake, Vivian. Huyu binti alitoka Kisii akaolewa hapa Kedowa bila kujua kibuyu kinashikwaje. Wiki ya kwanza alivunja kimoja, akalia sana, ikabidi mimi mama mkwe nimpikie chai. Sasa tukishatoka kuchuma majani chai tunakaa pamoja, mimi nashona ngozi ya kifuniko, yeye anapanga shanga. Rangi anazochagua ni za kelele, lakini mkono wake ni mzuri.

"Mama, tuviuze kwa simu," akasema. "Nitafungua ukurasa, niweke picha."

"Nani atanunua?" Kipkirui akauliza.

"Mtu ambaye hajaoa nepia," Vivian akamjibu.

Basi wakakubaliana mbele yangu. Tukipata wateja wawili kabla ya mvua kuanza, shamba la vibuyu linabaki langu. Tukipata mmoja tu, au tukose kabisa, anapanda nepia. Mimi sikuulizwa, lakini nilikubali. Kushona vibuyu ndiyo kazi pekee ninayofanya kwa kupenda.

Wa kwanza akapatikana. Bwana mmoja anaitwa Owino, wakili wa Nairobi, alitaka pambo la ofisi. Siku ya kutuma, Vivian alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, nikafunga mzigo mwenyewe.

Sasa, nyumbani kwangu kibuyu cha kumpa mtu hakitoki kitupu. Kitupu unampa mtu uliyekosana naye. Nikakisugua ndani na mkaa vizuri, nikajaza mursik, maziwa yetu ya kugandisha, nikakaza kifuniko, nikakifunga kwa kamba ya ngozi tone lisitoke. Kule stendi, Jerusa wa ofisi ya mizigo hakuniuliza kuna nini ndani. Alivua sweta yake, akakisimamisha juu yake kisigongwe. Baridi ya Kedowa mnaijua. Nilimwombea huyo mama njia nzima.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Bwana Owino alichukua mzigo wake Jumatatu.

Vivian alikuja akikimbia na simu. Kwa picha kulikuwa na dari nyeupe yenye madoa ya kijivu, na taa ikidondosha. Chini yake nyota moja tu kati ya tano, na maneno: "Kibuyu kimenilipukia mbele ya mteja."

"Mama, uliweka nini ndani?"

"Maziwa."

"Mama! Alinunua pambo!"

"Sasa nimpe kitupu, kwani amenikosea nini?"

Vivian akafunika uso kwa leso. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha akalia kweli. "Nani atanunua tena akiona hiyo?" Kule nyuma tukasikia Kipkirui ananoa panga akiimba wimbo wa harusi.

Nikamwambia anipigie huyo bwana.

"Mama," Owino akaanza kwa sauti ya kortini, "nina suti nyeusi hapa..."

"Pole, mwanangu. Ulikitikisa kibuyu?"

"Nilisikia kitu ndani, nikatikisa."

"Kabla ya kufungua?"

"Sasa ningetikisa baada ya kufungua?"

"Mursik ikishasafiri unailegezea kifuniko kwanza ipumue. Hata wewe ukifungiwa kwa sanduku siku tatu utatoka kwa hasira."

Nikasikia mtu mwingine kwa chumba anacheka, nadhani ni yule mteja.

"Kuna iliyobaki ndani?" nikamuuliza.

"Kidogo."

"Onja."

Nikasikia anameza. Akameza tena.

"Mama, hii ina moshi."

"Ni mkaa."

"Umeninywesha makaa?"

"Na umeongeza," nikasema, kwa sababu nilisikia ananywa tena.

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema nyota ni ileile moja, haibadiliki mpaka dari ipakwe rangi. Halafu akashusha sauti. "Mama mkwe wangu anakuja Jumapili. Nataka kingine, chenye maziwa. Na usiandike popote habari ya kulegeza kifuniko."

Vivian aliruka akapiga kichwa kwenye rafu ya sufuria. Huyo alikuwa mteja yuleyule, na Kipkirui akajaribu kubishana kwamba walisema wawili.

"Cha pili ni cha mama mkwe," Vivian akamwambia. "Huyo ni mtu mwingine. Wewe wako, mama aliyenizaa, unamwonaje?"

Kipkirui akaniangalia, akaangalia panga lake, akaenda kupalilia vibuyu bila kuambiwa. Nilimpelekea uji. Ni mtoto mzuri akishindwa.

Kibuyu cha pili nilikifunga mwenyewe. Hakikutoka kitupu: nilikijaza wimbi wa uji, safi, uliopepetwa. Jerusa akavua sweta tena.

Jumapili jioni Owino akapiga, sauti imemwishia.

"Mama, kimekuja na wimbi. Ametikisa na kutikisa, hakuna kilicholipuka. Sasa anasema mimi ndiye mkwe wake mpendwa, anataka kukaa wiki mbili."

"Mpikie uji," nikamwambia. "Mimi pia ni mama mkwe wa mtu."