Vifaa vya Madame Huguette

Madame Huguette aliinua mfuniko wa sufuria juu ya vichwa vya watoto sitini na saba wa shule ya mtaa wa Katuba, na darasa zima likataja duara kwa Kifaransa, kwa kelele: "Rond!"

Mfuniko ulikuwa wa kuazima na bado unanuka mboga ya sombe. Sabuni ya kufulia, ambayo ndiyo mstatili, ilikuwa ya kuazima pia. Leo mkaguzi anakuja, na garini mwake mna kasha la maumbo ya mbao yaliyopakwa rangi. Mwalimu atakayefundisha vizuri, ilisemekana, ndiye atakayeachiwa. Huguette alilitaka kasha hilo kuliko alivyowahi kutaka kitenge kipya.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama yake mwanafunzi Princesse, mwiko mkononi.

"Madame, nipatie mufuniko yangu. Maji ya bukari iko natokota."

Mfuniko ukaenda kufunika maji ya ugali. Hata dakika tano hazijapita, akaja mwenye sabuni: nguo ameshaziloweka, nazo hazisubiri somo. Nyuma yake akaingia mkaguzi Floribert, akaweka mkoba wake mezani, akakaa.

Huguette akabaki mikono mitupu. Kisha akaunyakua ule mkoba.

"Batoto, hii iko nini?"

"Rectangle!"

Akaomba miwani ya mkaguzi. "Rond!" Akaomba leso yake, akaikunja kona kwa kona. "Triangle!"

"Na tumbo yake, rond!" alipayuka Kalaba wa dawati la mbele. Mkaguzi akalibana tumbo, lakini alikuwa anacheka.

Akarudishiwa vitu vyake, akajaza fomu, akapiga muhuri, akasoma kwa sauti: "Vifaa vya darasa: mkoba, miwani, leso. Vinatosha. Kasha lipelekwe shule isiyo na vifaa."

Machozi yalimjia Huguette, ila hasira ikayatangulia.

"Monsieur l'inspecteur, ile bitu yote iko ya weye!"

"Najua, Madame. Lakini fomu inauliza kama bilikuwako. Bilikuwako."

"Basi futa."

"Cachet ikisha kupigwa, haibadilikake tena."

Huguette akauchukua mkoba, akatoa karatasi zilizomo na kumkabidhi mwenyewe kwa heshima zote. Leso alimwachia, na miwani pia, kwa kuwa njia ya kwenda garini ina mashimo. Mkoba akauweka juu ya kabati.

"Uliandika weye mwenyewe: iko ya kilasi." Kisha akawageukia watoto. "Kesho tutaanza na rectangle."