Kufuli la Simu

Uliona, ukageuza uso. Usiniambie hukuwako Changamwe mwaka wa themanini na tisa. Madafu ulikunywa na makofi ukapiga.

Wageni watatu walikuja kutoka ng'ambo kutafuta pa kufungua ofisi ya kuchapa hati za meli na mahoteli ya kwao. Kazi ya vidole na simu. Mimi nilikuwa mfagizi wa ofisi iliyowapokea. Mpwa wangu Salme, wa Mishomoroni, alikuwa na cheti cha taipu: maneno sitini kwa dakika bila kutazama mashine.

"Mjomba, nikiipata hii, Arabuni siendi. Nakaa na mama."

Lakini mkubwa wetu alishaamua kuwa kinachovuta wageni ni ngoma. Akawakusanya Salme na wenzake wanane wa chuo cha taipu, akawavisha leso.

"Bwana mkubwa, cheti changu ninacho hapa," Salme akamwambia.

"Mwanangu wee, mgeni hali cheti. Tikisa!"

Akatikisa, cheti kimekunjwa ndani ya kibwebwe.

Mgeni mmoja, mama wa makamo, akauliza, "Wapiga taipu wenu wako wapi?"

Mkubwa akacheka, akamwongezea dafu. Yule mama akaomba apige simu kwao. Simu ilikuwa na kufuli kwenye duara la namba, na mwenye ufunguo alikuwa bado uwanja wa ndege na shada la maua, akiwangoja wageni haohao. Mama akalitazama lile kufuli, akafunga daftari lake. Wallahi, wasichana wote tisa niliwajua kwa majina. Nikafagia.

Salme yuko Jeddah, mwaka wa saba huu, anafua nguo za watu. Huandika: "Mjomba, naota harufu ya utepe wa wino. Wale wageni hawajarudi?" Mamake hunitaka nimsomee mara mbili, kisha huniuliza kama kuna mstari nimeuruka.

Jumanne hii wanakuja wengine. Leso zimeshanunuliwa. Kufuli liko palepale.

Nawe una binti, na cheti chake kimelala sandukuni chini ya nguo za sikukuu. Kitoe leo. Jumanne, saa mbili asubuhi, mlete mlangoni pa ofisi ile na nguo zake za kazi. Akiambiwa acheze, akatae, nawe usimame naye.

Mlete. Kufuli niachie mimi.