Cheti cha Kompyuta ya Mzee Projestus

Selotepu ya miaka mitatu haibanduki kirahisi. Nilikuwa nikiilowesha kwa pamba yenye spiriti, taratibu, nisije nikachana kitambaa cha kufuma ambacho Mzee Projestus alikuwa amekibandika kwenye pembe ya chini ya kioo cha kompyuta yake. Kilikuwa kitambaa kizuri, cheupe, cha aina ile inayotandikwa kwenye makochi. Mzee alisema amekiweka kwa ajili ya vumbi. Niliitikia. Vumbi la Tandika lina mambo yake. Pengine lilikuwa limeamua kutua kwenye pembe hiyo moja tu.

Kitambaa kilipotoka, yakaonekana maneno madogo yaliyokuwa chini yake. Mashine ilikuwa ikimweleza mwenyewe kwamba Windows aliyowekewa si nakala halali. Imekuwa ikimweleza hivyo kila siku kwa miaka mitatu. Kila Jumamosi asubuhi, jumuiya ilipokuja kusali sebuleni pale, na mzee, ambaye ndiye mwenyekiti, alipowasomea matangazo kutoka kwenye kompyuta, wanajumuiya waliona kitambaa tu.

"Wahiba, mwanangu, usichokonoe sana," alisema. "Mashine ni nzima. Ni mafaili tu yamepotea."

Mafaili yenyewe yalikuwa ya mkewe, Mwalimu Jovina, aliyekaa kwenye kigoda karibu yangu, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Tangu astaafu kufundisha, miaka saba sasa, mwalimu amekuwa akikusanya majina ya ndizi za kwao Bukoba. Amefikisha ndizi mia moja na kumi na mbili, kila moja na jina lake la Kihaya, picha yake, inavyopikwa, na jina la bibi aliyemweleza. Wengi wa mabibi hao wameshazikwa. Madaftari aliyoanzia yaliliwa na mchwa. Mchapishaji aliutaka mswada Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Jumatatu alikuwa amewasha kompyuta akakuta kila folda imegeuka kialama kisichofungua kitu. Wakamwita Allen, fundi wao wa siku zote kutoka Mwenge. Allen aliitazama kwa dakika mbili akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Mwalimu akamwomba asubiri kidogo. Mie nilimpigia simu kabla sijaja, maana si vizuri kuingilia kazi ya mwenzio bila kumuuliza alichokiona.

"Sista, we futa tu, hamna ishu," aliniambia. "Mama si ana kichwa kizuri? Ataandika tena."

Nilifikiri labda anaendesha pikipiki, akili iko barabarani.

Mwalimu alikuwa amekuja kwangu Jumanne. Nina duka dogo la steshenari Temeke, na huko ndiko anakochapisha karatasi zake. Alinipa flashi yake, akisema nayo imeambukizwa, haifunguki. Kompyuta za dukani kwangu zinatumia Linux, mfumo ambao watu wa nchi nyingi wanautengeneza pamoja na kuutoa bure, na yeyote anayejua kusoma kazi hiyo anaruhusiwa kuchungulia ndani aone ulivyoundwa. Nilipochomeka flashi, kirusi hakikuwa na la kufanya. Kiliandikwa kwa ajili ya Windows. Kwangu kilikaa tu kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Na folda alizodhani zimeliwa zilikuwepo zote, zimefichwa tu. Nilihesabu ndizi arobaini. Zile sabini na mbili zilizobaki hakuwahi kuziweka kwenye flashi. Zilikuwa humu, kwenye kompyuta ambayo Allen alitaka kuifuta.

Kwa hiyo nilimweleza mzee ninachotaka kufanya. Nitachomeka flashi yangu yenye Linux, mashine iwakie humo badala ya kwenye diski yake. Sitabadilisha kitu chake chochote. Nitatazama kama ndizi zimo, nizinakili, basi. Baadaye, akipenda, nitamwekea Linux moja kwa moja, nayo itafaa zaidi kwenye mashine ya umri huu, kwa sababu ni nyepesi.

Mzee Projestus alivaa miwani. Amefanya kazi ya uwakala wa forodha Kurasini kwa miaka thelathini na moja, na bado huuliza maswali kama amesimama mbele ya kontena. Aliuliza mfumo huo unauzwa shilingi ngapi. Nilisema ni bure. Aliuliza nani ameusajili. Nilimwambia watu wengi wanachangia, wengine kwa mshahara, wengine kwa kujitolea.

"Bure," alisema. "Nyumba hii haijawahi kuingiza kitu kisicho na karatasi."

Mkewe alimtazama, kisha akakitazama kitambaa nilichokuwa nimekikunja juu ya meza.

Mzee akasimama, akaenda ukutani, akaniletea fremu iliyokuwa ikining'inia chini ya picha ya Bikira Maria. Ndani yake kulikuwa na cheti. Kilisema kwamba kompyuta ya Ndugu Projestus imewekewa Windows halisi, ya kweli na ya kudumu. Kilikuwa na sahihi ya Allen na mhuri wa duara, wa bluu. Mhuri ulikuwa mzuri. Ulikuwa na tarehe katikati, kama mihuri ya bandarini.

"Unaona?" aliniuliza.

Niliona. Kingo zote nne zilipambwa kwa waridi jekundu, na kwenye kila kona palikuwa na kofia ndogo ya mahafali. Pambo hilo nililichora mwenyewe, kwa ajili ya watoto wanaomaliza chekechea. Nilikumbuka Allen alivyokuja dukani akataka cheti chochote chenye heshima, nami sikumuuliza cha nini. Nilimchapia kumi.

Niliwaza kwa muda kama nimwambie. Mtu wa umri wake, mbele ya mkewe. Lakini kulikuwa na ndizi sabini na mbili.

"Mzee, cheti hiki kilichapwa kwangu," nilisema. "Ni cha chekechea. Nisamehe, nilipaswa kuuliza."

Alikisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Alizitazama kofia, moja baada ya nyingine, zote nne.

"Projestus," Mwalimu Jovina alisema, "umehitimu."

Hakucheka mtu. Mzee aliilaza fremu kifudifudi juu ya meza, akaketi, akanifanyia ishara kwa kidevu kwamba niendelee.

Nilichomeka flashi. Mashine iliwaka polepole, bila kudai ufunguo, bila lawama kwenye pembe. Niliomba ionyeshe vilivyofichwa, na folda ya mwalimu ikatokea, na ndani yake majina yakaanza kujipanga. Nilifungua moja, nshakala. Mwalimu alisogea akasoma kimyakimya hadi chini, palipokuwa na jina la bibi aliyemsimulia. Alikigusa kioo, jina lile likiwa chini ya kidole chake, kisha akaenda jikoni, akakaa huko kitambo.

Nilianza kunakili kwenye diski yangu ya pembeni. Diski ya mzee ni kuukuu na picha ni nzito, kwa hiyo kazi ilikwenda kwa kusuasua. Kufikia adhana ya magharibi, hamsini na nane zilikuwa zimetoka salama. Nyingine zilikuwa zikisomeka kwa shida, na sikutaka kuzilazimisha mashine ikiwa na joto. Nilisimamisha, nikawaomba wasiiwashe hadi nirudi kesho asubuhi. Nilimwomba mwalimu pia kwamba Allen akija na CD yake, apewe chai tu.

Mzee alinisindikiza hadi getini. Aliuliza, kama jambo la kando, ikiwa Linux ina cheti. Nilimwambia haina, ila ina leseni, na leseni inasema anaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha na hata kumgawia jirani.

"Kumgawia jirani," alisema. "Imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa, mzee."

Alifikiri, mkono kwenye komeo.

"Basi kesho uje nayo imechapwa. Uigonge mhuri," alisema. "Na pambo la chekechea uliache dukani."